Sogeza Mbele

Jumatatu usiku, Łódź, nyuzi tisa chini ya sifuri,
nimelala chali, simu juu ya uso kama mwezi wa kukodi,
kidole kinapandisha dunia:
mapishi ya mtu asiyepika,
paka anayeogopa tango,
binti wa Manila analia, machozi yote upande wenye mwanga,
ugomvi wa watu elfu nane
juu ya namna sahihi ya kukunja shuka.
Na mimi, naam, nilitia neno kwenye ugomvi wa shuka.
Nina msimamo.
(Shuka zangu ziko kitini tangu Ijumaa.)

Kisha mzee akaanguka.

Sekunde saba. Barafu, kofia ya manyoya,
mfuko wa mayai ukipaa kabla yake,
miguu juu, kama mtu aliyeitwa mbinguni ghafla
kisha wakaghairi.
Wamemtilia filimbi pale anapoteleza
na ngoma pale makalio yanapogusa lami.
Nikacheka. Nikacheka hadi nikakohoa.
Nikabonyeza kile kiuso kinacholia kwa kicheko,
nikamrushia dada yangu Gdańsk, naye akamrushia mumewe,
na sote watatu tukalala vizuri.

Aliye juu mngoje chini, walisema.
Siku hizi tunamngoja na kamera.

Asubuhi, kwenye ngazi, nikakutana na ile kofia.

Chini yake Bwana Zenon wa ghorofa ya tatu,
mkono umefungwa kitambaa, akipanda kidato kimoja kimoja,
akisimama kwenye kila kona
kujifanya anasoma tangazo la kukatwa maji.
"Niliteleza Jumamosi," akasema,
kana kwamba ananipa habari.
Watu milioni mbili na laki nne walikuwa wameshaipata.
Nikasema pole. Ilitoka kavu, kama mkate wa juzi.

Najua jina la mbwa wa familia moja ya Osaka,
najua anapenda viazi vitamu, anaogopa mvua.
Mke wa Bwana Zenon alishushwa ngazi hizi hizi
mwaka ule lifti ilipoharibika,
nami nilibana ukutani wapite.
Jina lake silijui.

Alhamisi akabisha hodi.
Yeye ana simu ya waya, na redio anayobishana nayo;
alitaka nimtazamie kliniki inafunguliwa saa ngapi.
Nikatoa changu. Kifaa hiki kinanijua kuliko mama yangu:
kabla sijaandika herufi, kikamleta mwenyewe,
mzima, anateleza. Filimbi.

Alitazama bila kupepesa.
Mara ya pili akavaa miwani.
Mara ya tatu nikatamani sakafu inimeze,
lakini sakafu yetu ni ya mbao za kale, inalia tu, haimezi.

"Mayai yalikuwa kumi," akasema.
"Mawili yalipona. Niliyala."

Kisha akagusa kioo kwa ukucha, polepole,
kama mtu anayeogopa kumwamsha aliye ndani.
"Sogeza mbele kidogo.
Sasa hivi anakuja msichana wa koti la kijani.
Alipiga magoti palepale kwenye barafu, akaokota kofia,
akaipangusa kwa kiganja kabla hajanivika.
Nilisahau kumuuliza jina. Sogeza."

Nikamwambia haina mbele.

"Vipi haina mbele?
Mimi nilikuwepo."

Filimbi ikalia. Mayai yakapaa.
Tukabaki mlangoni, vichwa vinakaribia kugusana,
baridi ya ngazi ikiingia nyumbani kwangu bila kubisha,
tukimsubiri msichana.